Kutia Kivuli Ndani ya Fedha: Kidani cha Nakshi ya Mlango na Vipuli vya Karafuu

Nenda kasimame mbele ya mlango wa nakshi Mji Mkongwe wakati jua linaupiga kwa ubavu, saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, kwa kutegemea mlango unaelekea wapi. Liangalie ua moja tu. Kisha urudi siku ya mawingu mazito uliangalie ua lile lile. Utalikuta limelala. Mti ni ule ule, nakshi ni ile ile, ila kivuli hakipo. Seremala aliyeuchonga mlango alikuwa akipanga vivuli, na ua likajitokeza.

Fedha haina tabia ya mti. Inarudisha mwanga kila upande, na mwanga ukizidi umbo linapotea. Ndiyo sababu vidani vingi vya mlango vinavyouzwa kwa wageni vinaonekana bapa hata kama aliyevikata ana mkono mzuri. Nimefanya kazi hii miaka, na kama kuna jambo moja ningependa mwanafunzi alishike kabla ya mengine, ni kwamba katika kila hatua ajiulize kivuli kitakaa wapi.

Tutatengeneza vitu viwili: kidani cha milimita 30 kwa 20 chenye ua la mlango, na vipuli viwili vya karafuu kwa ukubwa wa karafuu halisi. Kidani kitakufundisha bamba na msumeno. Vipuli vitakufundisha fimbo, tone na lihamu, yaani madini ya kuungia vipande kwa moto.

Kuijua fedha uliyonayo

Fedha safi ni laini mno kwa pambo la kuvaliwa kila siku, kwa hiyo huchanganywa na shaba nyekundu. Kipimo kinachokubalika zaidi ni 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, na 75 zilizobaki ni shaba. Ukitaka gramu 20 za kipimo hicho, pima gramu 18.5 za fedha safi na gramu 1.5 za shaba safi. Waya wa umeme uliomenywa plastiki na kusuguliwa ukang'aa unafaa.

Wengi hapa Unguja na Pemba huanza na mapambo ya zamani yaliyokatika: mitali, vikuku, vipande vya mikufu. Baadhi yake yametokana na riali za zamani, ile riali ya Sham yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780. Riali hiyo ina uzito wa gramu 28 na kipimo cha 833 tu, kwa hiyo ina shaba nyingi zaidi. Ukitaka kuipandisha ifike 925 lazima uiongezee gramu 34 hivi za fedha safi. Binafsi siyeyushi riali iliyo nzima. Ikiwa imetobolewa na kulika mpaka sura haisomeki, hapo sawa.

Kuipima fedha si lazima utumie tindikali. Chukua mizani ndogo ya gramu yenye desimali mbili. Pima pambo likiwa kavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ulining'inize pambo kwa uzi lizame lote bila kugusa ukuta wala kitako cha kikombe. Soma namba mpya. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo ya pili. Fedha ya 925 itakupa 10.3 au 10.4. Shaba ya manjano, na ile nyeupe ya nikeli inayowadanganya watu, zote hukaa chini ya 9. Pambo la mvungu, kama furungu lenye kokoto ndani, halipimiki hivi kwa sababu ya hewa.

Kagua pia viungo vyake. Ukiona rangi ya kijivu iliyofifia na laini kiasi kwamba ukucha unaweza kuacha alama, hiyo ni risasi, na lazima uikwangue yote kabla ya kupeleka motoni. Niliwahi kuletewa kikuku cha bibi wa mtu kilichokuwa kimetengenezwa mahali kwa risasi. Sikuangalia vizuri. Nilipokipasha moto, risasi ikaila fedha mbele ya macho yangu na kuacha mashimo kama nguo iliyoliwa na nondo. Kikuku kile hakikurudi tena. Tangu siku hiyo kila kiungo nakigeuza mwangani kwanza.

Kuangalia na kuchora

Usianze na mlango mzima. Nilipokuwa mwanafunzi nilitaka kuingiza miimo, mfaa, kizingiti na misumari yote ya shaba ndani ya sentimita tatu, na kilichotoka hakikusomeka kuwa kitu chochote. Mlango wa mita mbili na zaidi una nafasi ya kusema mambo mengi. Kidani kina nafasi ya jambo moja.

Katika miimo utakuta mnyororo kwenye ukingo, yungiyungi au ua la duara katikati, na mara nyingi samaki au magamba yake upande wa chini, mmea ukipanda kutoka kwake. Milango ya mtindo wa Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, ile ya Kihindi mara nyingi ina tao. Kwa kidani cha kwanza chukua ua moja, na kama unapenda, pete mbili tatu za mnyororo kwenye ukingo. Maandishi ya Qur'ani yaliyo kwenye vizingiti yaache hapo yalipo. Pambo huingia nalo mtu chooni na kulala nalo, na wateja wengi watakushukuru kwa kulifikiria hilo.

Milango ikikuchosha, inua macho. Roshani za mbao za ile zahanati ya zamani inayotazama bandari zina matobo mazuri yanayokubali msumeno bila kubadilishwa sana. Mnara wa msikiti wa Malindi, ule wa mchongoko wenye mistari ya pembe, unafaa sana kwa hereni ndefu.

Chora mara nne ya ukubwa, yaani milimita 120 kwa 80. Kisha chukua wino mweusi ujaze kila sehemu itakayokatwa. Weusi huo ndio kivuli chako. Ubandike mchoro ukutani, rudi nyuma hatua tano. Ua likisomeka kutoka hapo, mchoro unafaa. Lisiposomeka, ongeza weusi, usiongeze mistari. Ukishaupunguza mchoro hadi ukubwa wake, hakikisha ukanda mwembamba kabisa wa fedha haupungui milimita 1 na tobo dogo kabisa halipungui milimita 1.5. Tobo dogo kuliko hilo litajaa uchafu na halitashika kivuli.

Karafuu nayo inataka kuangaliwa kwa karibu. Nunua kidogo Darajani, au kama uko Pemba wakati wa msimu, omba chache kwenye jamvi baada ya kuchambuliwa makonyo. Chagua zilizobaki na vichwa. Roweka moja kwenye maji ya moto kwa dakika kumi, kisha uishike kwa kibano. Kuna shina linalonenepa kidogo kidogo kuelekea juu. Shina linapasuka kuwa vijani vinne vyenye ncha, vimefunguka kama vidole vinavyoshika kitu, na kilichoshikwa ni kichwa cha duara, ua ambalo halikuwahi kufunguka. Katikati ya vijani na kichwa kuna ufa mwembamba wa giza kuzunguka pande zote. Ufa huo ndio karafuu. Ukiujaza kwa lihamu, umetengeneza msumari.

Kuyeyusha na kupata bamba

Ukiweza kununua bamba tayari, nunua la milimita 0.8 na la 0.6, pamoja na fimbo ya duara ya milimita 3 na waya wa milimita 1.2 na 0.8, uruke sehemu hii. Asiyeweza afanye hivi.

Weka fedha kwenye chungu cha kuyeyushia kilichopakwa boraksi, ule unga mweupe wa masonara unaoweka fedha safi motoni. Moto wa gesi uelekeze juu ya fedha yenyewe. Fedha ya 925 huanza kulegea karibu na nyuzijoto 800 na huwa maji kabisa karibu na 890. Itajikusanya, itang'aa kama kioo, na ukitikisa chungu kidogo itazunguka kama zebaki. Nyunyiza boraksi kidogo, hesabu mpaka kumi, mimina bila kusita na bila kuuondoa moto mdomoni mwa chungu.

Kalibu ya chuma ipashwe joto na kupakwa mafuta kidogo. Asiye na kalibu atembee ufukweni aokote mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaoletwa na maji. Ukate mara mbili, usugue nyuso zake mpaka zikutane sawasawa, chonga mfereji wa umbo unalotaka na njia ya kumiminia, funga kwa waya. Uwe umekauka jua siku kadhaa. Unyevu ukikutana na fedha iliyoyeyuka unageuka mvuke papo hapo na kuirusha juu. Mfupa utatoa harufu ya kuungua na hautafaa mara ya pili, lakini utakuachia juu ya fedha mistari kama ya mchanga maji yanapokupwa. Mistari hiyo usiifute kila mara. Kwa mgongo wa kidani inapendeza kuliko chochote utakachokichonga.

Mkuo ukipoa, uupige nyundo juu ya fuawe au uupitishe kwenye mashine ya kubania mpaka uwe bamba. Waya huvutwa kwa chamburo, kile chuma chenye matundu yanayopungua ukubwa, tundu baada ya tundu. Kila fedha inapokuwa ngumu, ilainishe kwa moto. Fanya kazi hiyo ndani, mahali penye kiza kidogo, kwa sababu juani hutaiona rangi. Ikifika wekundu hafifu, ondoa moto, subiri wekundu upotee, tumbukiza majini. Ukiendelea kupiga fedha ngumu bila kuilainisha itapasuka kingoni, na ufa huo hauzibiki.

Kukata

Bandika mchoro juu ya bamba la 0.8 kwa gundi. Kila sehemu ya weusi itie alama kwa ncha ya msumari, kisha itoboe kwa keekee yenye ncha ya milimita 1. Bledi ya msumeno wa sonara namba 2/0 ipite tunduni, meno yaelekee chini, upande wa mpini. Ikaze mpaka ukiikwanyua ilie kama uzi wa udi. Isipolia, imelegea na itakatika.

Kaa chini, ubao wa kukatia uwe usawa wa kifua. Msumeno upande na kushuka wima, mkono ukiwa mwepesi. Kwenye kona, bamba ndilo linalogeuka, msumeno unabaki pale pale ukipanda na kushuka. Paka bledi nta ya nyuki kila baada ya muda. Utakata bledi nyingi mwanzoni, usihuzunike. Anza matobo ya katikati kwanza, umalizie na ukingo wa nje, ili uwe na mahali pa kushikia.

Baada ya hapo chukua tupa nyembamba uingie kila tobo. Wanafunzi wengi huiharakisha hatua hii, nami naona ndipo kazi nzuri inapotengana na kazi ya kawaida. Ukuta wa tobo ukiwa umenyooka, kivuli kina ukingo mkali. Ukiwa na meno ya msumeno, kivuli kinakuwa na ukungu. Malizia kwa msasa namba 400 kisha 600 uliozungushwa kwenye kijiti.

Lihamu

Lihamu ya fedha ni fedha iliyochanganywa na shaba na zinki ili iyeyuke mapema. Kuna ngumu, ya kati na laini. Ngumu huyeyuka nyuzijoto 750 na kidogo, laini karibu na 700. Kazi yenye viungo viwili au vitatu huanza na ngumu na kumaliza na laini, ili kiungo cha kwanza kisifunguke. Hakikisha unayonunua haina kadimiamu, maana moshi wake ni sumu. Fungua madirisha, zima feni, funga mikono ya nguo na mtandio nyuma.

Lihamu haizibi nafasi. Kama mwanga unapita kati ya vipande viwili, rudi kwenye tupa. Vipande viwe safi, visiguswe na vidole vyenye mafuta. Saga boraksi na maji mpaka iwe kama maziwa, paka.

Kidani: geuza ua juu chini, panga vipande vidogo vya lihamu ngumu mgongoni mwake, pasha mpaka viyeyuke na kutandaa. Acha ipoe, sugua viwe bapa. Paka boraksi tena, laza ua juu ya bamba la 0.6 lililo kubwa kidogo kuliko ua, na upashe kutokea chini, ukilizungusha moto bamba lote. Boraksi itachemka, itakuwa nyeupe, kisha itageuka wazi kama kioo. Hapo lihamu imekaribia. Utaona mstari mng'avu ukikimbia kwenye ukingo wa ua, ghafla, kama maji yanayoingia kwenye ufa. Ondoa moto saa hiyo hiyo. Aliyenifundisha alikuwa akinishika bega na kuniambia, "Mwanangu, pasha fedha, usipashe lihamu," nami nikaelewa miaka baadaye kwamba lihamu huufuata moto, kwa hiyo bamba likiwa na joto sawa kote nayo itaenda kote.

Bamba la nyuma sasa linaonekana kupitia matobo, chini kwa milimita 0.8. Hicho ndicho kina cha kivuli chako. Kata ukingo uliozidi, utie tupa, na uweke pete ya waya wa 1.2 juu kwa lihamu laini.

Karafuu: kata fimbo mbili za milimita 3, kila moja urefu wa milimita 13. Ishike kwenye jiliwa ndani ya kipande cha ngozi, ukate msalaba kwenye ncha moja kwa msumeno, kina cha milimita 3. Hivyo ndivyo vijani vinne. Upande wa pili upunguze kwa tupa mpaka ufike milimita 2. Lainisha kwa moto, kisha ufungue vijani taratibu kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja, na uvitie tupa viwe na ncha.

Kichwa ni tone. Pima gramu 0.15 za mabaki ya fedha mara mbili, kwa mizani, ili vipuli vilingane. Laza kila fungu kwenye kishimo kidogo juu ya mkaa wa vifuu na uyeyushe. Fedha ikiyeyuka hujikunja yenyewe kuwa tufe la milimita 3. Acha lipoe pole pole.

Weka punje moja ndogo mno ya lihamu ngumu katikati ya vijani, iyeyushe kwanza, kisha weka tufe na boraksi, upashe shina kutokea chini mpaka tufe lizame kidogo. Punje iwe ndogo kuliko unavyodhani inahitajika. Ufa wa giza lazima ubaki. Ncha ya chini igonge kwa nyundo ibapae, itoboe milimita 1, upitishe kulabu ya sikio ya waya wa 0.8. Mimi napenda karafuu ining'inie kichwa kikiwa chini, tufe lipate mwanga mtu anapogeuza shingo. Kipuli kizima hakifiki gramu 1, kwa hiyo sikio haliumii.

Kusafisha na kutia weusi

Baada ya kila moto fedha hutoka nyeusi au nyekundu kwa sababu ya shaba iliyoungua. Ichemshe polepole kwenye maji yenye ndimu ya unga, vijiko viwili kwa nusu lita, au maji mazito ya ukwaju. Itatoka nyeupe kama chaki. Usiitumbukize ikiwa bado ya moto, na usitumie koleo la chuma humo. Chuma kikigusa maji hayo, shaba itaruka na kuipaka fedha yote rangi nyekundu. Tumia kibano cha mwanzi, kisha suuza sana.

Sasa kivuli cha mwisho. Chemsha yai mpaka kiini kiwe kigumu, limenye likiwa bado la moto, lipondeponde na uliweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na pambo, visigusane. Yai hutoa gesi yenye salfa, na salfa ikikutana na fedha huifanya nyeusi. Baada ya nusu saa itakuwa ya manjano, kisha kahawia, na ukiiacha saa kadhaa au usiku mzima itakuwa kijivu cheusi. Toa ikifika unapopenda, osha kwa sabuni.

Kisha chukua chaki iliyosagwa laini sana na kitambaa kilichozungushwa kidoleni kwa kukazwa, usugue sehemu za juu peke yake. Kitambaa kikilegea kitaingia matoboni na kufuta ulichokitafuta tangu mwanzo. Ua litang'aa, mgongo utabaki na giza. Kwenye karafuu, tufe na migongo ya vijani ing'ae, ufa ubaki mweusi. Geuza kidani dirishani. Kama umefanya vizuri, siku ya mawingu nayo kitasomeka.

Gonga alama ya 925 ikiwa una uhakika nayo tu.

Ya kumwambia mnunuzi

Hewa yetu ina unyevu mwingi na fedha hubadilika rangi upesi. Ihifadhiwe kwenye mfuko unaofungika pamoja na kipande cha chaki, mbali na mipira ya kufungia, kwa sababu mpira una salfa. Ivuliwe kabla ya kuogelea baharini, na manukato yapakwe kwanza, pambo livaliwe baadaye. Na mwambie waziwazi asikitumbukize kidani kwenye ule mchanganyiko wa karatasi ya alumini, baking soda na maji ya moto ambao watu hufundishana. Unaondoa weusi wote kwa dakika chache, wa juu na wa ndani, na atakurudishia ua lililolala. Likirudi, lipokee, chemsha yai jingine.